Zungumza na Mtoto Kwanza

Kambi ya daraja
12 Machi

Baba, shikamoo.

Nimefika salama, mgongo tu ndio unadai. Nimepewa kitanda cha juu katika chumba cha wanawake wanne, na wa chini yangu ni mpishi wa kambi anayekoroma kuliko ile cherehani yako ya zamani. Kazi tumeanza jana. Wachomeleaji tuko kumi na wawili, mwanamke ni mimi peke yangu, na msimamizi ameniuliza mara mbili kama nimekuja kumsaidia mpishi. Mara ya pili nikamwonyesha mshono wangu kwenye chuma, akarudi kwenye michoro yake. Natamani ungeuona. Umenyooka kama ule unaoutoa wewe ukiwa unashindana na fundi wa ng'ambo ya barabara.

Ni miezi kumi tu, Baba. Tukimaliza Januari napewa cheti cha fundi mkuu, na karakana ya reli hapo nyumbani wameshaniambia nikija nacho naanza kazi siku hiyo hiyo. Sitaondoka tena. Nikitoka kabla ya kumaliza, sipati kitu. Ndiyo maana nimeweza kumwacha mtoto wa miezi tisa, na bado kila asubuhi maziwa yakijaa kifuani najiuliza mimi ni mtu wa namna gani.

Halafu yale niliyosema siku ile mlangoni. "Baba, punguza mdomo, mtoto apumue." Mtaa mzima unakuita Redio, na mimi nimelelewa na redio hiyo na sikufa. Nilikuwa na uchungu wa kuondoka nikakutupia wewe. Nakuomba usiyaweke moyoni. Ongea naye kutwa nzima. Mwambie habari za wateja, mwambie bei ya uzi, mwambie lolote. Akinisahau sura, basi asikose maneno.

Hapa ofisini pana simu, tunaruhusiwa kila Jumamosi saa kumi. Nitapiga kwa mwenye duka la dawa, jirani yako. Mpeleke mwanangu Kifungo nimsikie hata akilia. Na hiyo sauti yako iliyokwaruza, umeenda kuonyesha koo au bado unakunywa maji ya moto na kusema limepona?

Binti yako,
Cheche


Nyumbani
20 Aprili

Dada, shikamoo.

Natumaini umefika salama na kwamba wajawazito wako hawakujifungua wote siku moja kukukomoa kwa zile wiki ulizokuja kuniuguza. Kidonda kimefunga. Kile kitundu cha shingoni nakisafisha asubuhi na jioni kama ulivyonionyesha, na nimejishonea vitambaa saba vya kukifunika, kimoja kwa kila siku ya juma. Cha Ijumaa nimekiwekea ukosi. Kama ni kuugua, basi tuugue tumevaa.

Daktari amerudia yale yale. Uvimbe wa koo umetoka wote, na sauti imetoka nao, hairudi. Hata ya kunong'ona. Wewe unanijua, Dada. Watu walikuwa wanapita upande wa pili wa barabara ili nisiwacheleweshe kazini. Sasa wanaingia, wananiangalia mdomo, wanasubiri, na mimi naandika kwenye kibao kwa chaki ya kukatia nguo.

Cheche sijamwambia. Usinipigie kelele. Nikimwambia leo, kesho yuko ndani ya basi, cheti kimeenda, na reli hawatamngoja mtu. Simu inalia duka la dawa kila Jumamosi saa kumi, na mwenye duka anamwambia nimetoka kupeleka nguo za wateja. Nimemwapisha. Mtaa mzima nimeuapisha, mmoja mmoja, kwa chaki.

Linaloninyima raha ni jingine. Nyumba haina sauti. Namwamsha mtoto kimya, namwogesha kimya, namlisha kimya. Anakodolea macho mdomo wangu na mimi nauchezesha tu, hakitoki kitu. Mama yake ameniomba jambo moja, nimpe maneno, na maneno ndiyo kitu pekee nisicho nacho. Umepokea nusu ya watoto wa mji huo. Hebu niambie, mtoto anajifunzaje kusema? Akikua bila kauli kwa sababu yangu, Cheche nitamtazama na uso upi?

Mdogo wako,
Redio (iliyozimwa)


Wodi ya wazazi
2 Mei

Marahaba, mdogo wangu.

Barua yako nimeisomea kazini, nikalia, halafu nikakasirika. Utamwambia mwanao. Siku utaichagua wewe, ila utamwambia kwa mkono wako mwenyewe kabla hajasikia kwa watu. Hilo nimelimaliza.

Sasa nisikilize, maana tangu tuzaliwe hii ndiyo mara ya kwanza huwezi kunikatiza.

Watu wanadhani mtoto anaanza na neno. Anaanza na zamu. Mwangalie anayenyonya: ananyonya, anapumzika, mama anamtikisa kidogo, ananyonya tena. Wewe, mimi, wewe, mimi. Mazungumzo yote duniani ndiyo hayo, maneno yanakuja kukaa humo baadaye. Nimepokea watoto wa saa moja ambao wanageuza kichwa kwa sauti ya mama yao na kunipuuza mimi niliyewavuta, kwa sababu sauti hiyo waliisikia tumboni. Baadaye wanaanza kuimba aaa na eee. Kufika miezi saba ni ba-ba-ba, baba mtu anavimba kichwa, kumbe mwenzake anafanya mazoezi ya midomo. Na siku zote anafahamu mengi kuliko anayosema. Kwa hiyo usihesabu anachosema. Angalia anachofahamu.

Zamu unaweza kumpa. Una macho, una mikono, una ile kastabani ya chuma kidoleni, ya kusukumia sindano, uliyokuwa ukitufungia nayo mikutano. Nani amesahau? Ukishakasirika unaigonga mezani, ko, na hakuna anayethubutu kuongeza neno. Sasa ifanyie kazi ya maana. Mgongee, nyamaza, mtazame, mngoje ajibu kwa anavyojua.

Lakini usijidanganye, maneno yenyewe lazima ayapate kwa watu, tena watu wanaomwangalia usoni. Kumwashia redio hakusaidii. Nasema ile ya betri, siyo wewe. Una duka ambamo watu wanaingia kutwa, wanasimama mikono juu wakipimwa, hawana la kufanya na midomo yao. Watumie hao.

Dada yako


Nyumbani
25 Mei

Marahaba, mwanangu.

Samahani kwa simu. Jumamosi imekuwa siku ya kupeleka nguo na kila nikirudi mwenye duka la dawa ananiambia umeshapiga. Sare za shule zimenifika hapa. Koo lilinisumbua kidogo, nikaenda hospitali, wamelishughulikia. Shangazi yako alikuja kutupikia siku chache, akatufokea sote wawili, akaondoka ameridhika.

Maneno ya mlangoni nilishayasahau.

Kifungo anatambaa kwa kasi ya mtu anayedaiwa. Ana meno manne. Nimempangia makazi yake chini ya meza ya kukatia, ana kikapu cha vipande vya vitambaa na roli za uzi zilizokwisha, na asubuhi nzima anavipanga na kuvivuruga. Nguo ya mteja haigusi. Hilo nimemfundisha kwa macho tu.

Sasa cheka. Nimetundika kibao mlangoni, herufi kubwa: KABLA YA KUPIMWA, ZUNGUMZA NA MTOTO KWANZA. Nimeona nisimchoshe kwa mdomo mmoja, nimpe ya mtaa mzima. Basi mteja akiingia namwonyesha kibao, anachuchumaa chini ya meza, anaanza. Wengine wanaona haya. Mwalimu wa hesabu alimsalimia "habari za kazi" akakwama hapo. Dereva wa gari la taka alimsimulia safari yake yote ya asubuhi, pipa moja baada ya jingine, na mtoto akamsikiliza mpaka mwisho bila kupepesa. Bibi harusi mtarajiwa mmoja alimweleza mambo ya mchumba wake ambayo nahisi mchumba mwenyewe hayajui. Fundi wa ng'ambo naye amekuja, eti kupimwa suruali. Miaka ishirini hajawahi kukanyaga hapa. Amekaa chini ya meza robo saa na suruali hajaitaja tena.

Chapa kazi, mama. Huku hakuna kilichopungua.

Baba yako


Kambi ya daraja
18 Juni

Baba, shikamoo.

Barua yako nimewasomea wenzangu chumbani na mpishi amecheka mpaka kitanda kikahama. Amesema akipata likizo atakuja ashonewe gauni ili tu aamriwe na kibao.

Ila kuna kitu sikielewi. Umeandika mtoto umemfundisha kwa macho, na maneno anapewa na wateja. Wewe? Baba ninayemjua mimi asingemwachia mtu mwingine nafasi ya kusema hata "chafya". Na kila Jumamosi nguo zinapelekwa saa kumi kamili. Mwenye duka la dawa akinijibu namsikia anavyomeza mate.

Bado una hasira na mimi? Sema tu. Nitaomba radhi tena, mara mia ukitaka.

Cheche


Nyumbani
6 Agosti

Dada, shikamoo.

Kibao kinafanya kazi na hakifanyi. Nakueleza utaelewa.

Mtoto ana miezi kumi na minne sasa, anasimama kwa kushika mguu wa meza. Ukimwambia kofia iko wapi, ananyoosha kidole. Ukimwambia mpe mjomba kitambaa, anampa, halafu anakidai. Anafoka, anauliza, anacheka kwa sauti ya juu na ya chini, kila kitu cha mazungumzo anacho isipokuwa neno lenyewe. Hata moja. Jana mama mmoja kaja na mtoto wa umri huo huo anayetaja taa, maji, paka, kila kilichomo dukani. Nilimpima yule mama kiuno nikakosea inchi mbili. Tangu niwe fundi sijawahi.

Mimi na yeye tuna yetu. Nikigonga kastabani mara moja, ngoja, sindano iko wazi. Mbili, njoo. Tatu ilianza yenyewe. Anaamka usingizi wa mchana kule chumba cha nyuma, analia, na mimi niko kwenye cherehani siwezi kumwita. Basi nikagonga mgongo wa cherehani, ko ko ko. Nipo. Akanyamaza. Siku hizi akiamka halii tena, anachukua roli ya uzi anagonga ukuta mara tatu, ananisubiri, nagonga, anagonga. Tunaweza kuendelea hivyo mpaka pasi ipoe. Ulisema kweli kuhusu zamu.

Lakini kugonga si kusema, Dada. Ninaogopa nimemfunza lugha ya watu wawili, na mmoja wao ni mzee.

Jumamosi ijayo nitampeleka kwenye simu. Cheche anadhani nimemkasirikia. Siwezi kumjibu, ila angalau amsikie mtoto.

Mdogo wako


Kambi ya daraja
10 Septemba

Baba.

Tangu siku ile ya simu nimejaribu kuandika barua hii nikiwa nimepoa, imeshindikana. Naandika nikiwa hivi hivi.

Mwenye duka la dawa alisema, "Wamefika, wote wawili," nikashika ukuta kwa furaha. Nikakuamkia. Kimya. Nikasema Baba, ni mimi. Nikasikia pumzi za Kifungo, nikamwita, akafanya "mm". Nikakuamkia tena. Halafu nikasikia kastabani. Mara tatu, kwenye ubao wa kaunta, karibu kabisa na simu. Ko, ko, ko.

Nimekulia ndani ya mlio ule. Nilipotaka kuacha shule, ko. Nilipokuambia nataka kujifunza kuchomelea vyuma, ko. Mkutano umefungwa, Cheche, kaa chini. Zamani ilikuwa mara moja, na baada ya mwezi ulinisamehe. Safari hii ni mara tatu na kwa simu, mbele ya mtu baki, na mwanangu mikononi mwako.

Sentensi moja tu nilikukosea. "Punguza mdomo." Ndiyo umeupunguza hivi? Umenyamaza miezi sita kunionyesha?

Na mtoto naye. Miezi kumi na tano na amenijibu "mm". Mjukuu wa mpishi ni mdogo kwake kwa wiki mbili na anataja majina ya vitu kumi. Nilidhani nakuonea, sasa naamini. Huongei naye. Hasira yako na mimi unamlipisha yeye.

Nimechukua fomu ya kuacha kazi. Nitaijaza mwisho wa mwezi nikishapokelewa zamu yangu, nakuja kumchukua mwanangu. Cheti wabaki nacho.

Cheche


Nyumbani
17 Septemba

Mwanangu Cheche,

Usijaze fomu mpaka umalize kusoma. Ukishamaliza, jaza au chana, sitakulaumu kwa lolote.

Mimi sina sauti. Si kwamba nimenyamaza. Ule mkwaruzo ulikuwa uvimbe, Machi ile ile wakanipasua, wakatoa uvimbe na kilichokuwa nao. Nipo mzima, nakula, nashona, napumulia kwenye kitundu shingoni ambacho nimekishonea kitambaa kizuri utakachokionea wivu. Ila Redio haipo tena. Sitakuita jina lako tena kwa mdomo, na hilo ndilo nililolilia peke yake, mengine niliyavumilia.

Nilikuficha kwa sababu nilijua utaacha kila kitu uje. Shangazi yako alinikataza kukuficha na sikumsikia. Nilidhani nakulinda, kumbe nimekukalisha miezi sita ukijihukumu kwa sentensi ambayo mimi, nakuapia, niliicheka hata kabla basi lako halijaondoka. Nisamehe. Hilo ndilo kosa langu na ni kubwa.

Sasa ile kastabani. Nilisahau kwamba wewe unaijua kwa maana yake ya zamani. Sikufunga mkutano. Huku kwetu kugonga mara moja ni ngoja, mbili ni njoo, na tatu ni nipo. Mtoto akiamka namgongea hivyo ajue sijaenda popote. Uliponiamkia nikawa na simu sikioni na sauti yako imejaa kichwa kizima, nikakujibu kwa lugha pekee niliyobaki nayo. Nilikuwa nasema nipo, mwanangu. Nipo.

Kuhusu kauli yake, hofu yako ndiyo hofu yangu. Kibao kile cha mlangoni sikukiweka kwa mzaha. Nimewaombaomba watu wote wa mtaa huu sauti zao. Wamenipa. Kama hazijatosha, njoo umchukue, na mimi mwenyewe nitakufungia nguo zake.

Baba yako


Kambi ya daraja
28 Septemba

Baba yangu, shikamoo, shikamoo, shikamoo. Hesabu mwenyewe ni mara ngapi.

Barua yako nimeisomea juu ya daraja, saa ya kazi, nikiwa nimeshusha ngao ya uso. Ngao ile ina faida zake. Msimamizi alipita akaona mabega yanatikisika na mashine imezima, akaniambia nikapumzike. Nimemsamehe yale ya upishi.

Nimekukasirikia siku nzima. Ulipasuliwa shingo na mimi nikakuandikia kwamba mwenye duka la dawa anameza mate. Usinifiche tena kitu, hata mafua. Kesho yake hasira ikaisha, nikabaki na kitu kimoja tu, kwamba sauti yako yote niliyo nayo ni ile iliyo kichwani mwangu. Nimeipekua. Ipo, Baba. Ile ya kuniita kutoka mlangoni mpaka mwisho wa mtaa ipo vizuri kabisa.

Jumamosi nikampigia mwenye duka la dawa kabla hamjafika. Nikamwambia nataka ukweli, mtoto ni mzima? Akasema, "Subiri." Mlipoingia akamwambia Kifungo akuvue kofia amletee yeye. Nikasikia viatu vidogo vinarudi. Akasema, "Ninayo mkononi." Akamwambia airudishe. Akasema, "Ameirudisha, nyuma mbele." Shangazi kaniandikia pia, barua ya kurasa nne, tatu na nusu ni za kukusema wewe. Anasisitiza niangalie anachofahamu.

Fomu nimeichana. Namalizia, Baba. Lakini kila Jumamosi saa kumi uwe hapo naye, na mimi nitaongea, wewe usikilize. Si ulikuwa na deni la kusikiliza la miaka thelathini.

Cheche wako


Nyumbani
14 Novemba

Marahaba, mwanangu, mara tatu.

Amesema.

Nakueleza taratibu, ingawa wino ni wa mteja. Jana asubuhi nilikuwa namjaribisha mwalimu wa hesabu koti lake. Koti limekaa vizuri, yeye ndiye ameongezeka. Anavuta pumzi asiseme, mimi natoa pini nisiandike. Mtoto ametoka chini ya meza, akamtazama tumbo, akasema wazi kabisa, "Inabana."

Mwalimu akasema, "Kweli, mama, inabana." Mtoto akasema, "Inabana!" Nimeacha pini zote zikamwagika. Neno la kwanza la mjukuu wangu ni malalamiko juu ya kazi yangu, na kalisikia kwa kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya kioo changu. Sijawahi kutukanwa nikafurahi namna ile. Fundi wa ng'ambo alisikia vicheko akaja mbio, na alipoelezwa akasema mtoto ana jicho.

Tangu jana hajanyamaza. Kiatu inabana, mlango inabana, uji inabana. Leo ameongeza taa, na pipa, hilo ni la dereva wa taka. Na yule bibi harusi alipochungulia akimuuliza kama kila siku, "Babu yupo?" amemjibu, "Yupo." Nimeandika yote kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la vipimo.

Lakini kuna jambo nimeliona, na nakuambia kwa kuwa nimekuahidi sifichi. Kwangu mimi hasemi. Kwa wateja maneno, akinigeukia anagonga. Anajua nani anaongea kwa kitu gani. Mwanzo liliniuma kidogo. Halafu jana jioni nilipokuwa nakunja vitambaa akaja akakaa mguuni kwangu, akanigongea gotini mara tatu, taratibu, na roli yake. Sikutamani neno lolote.

Baba yako


Kambi ya daraja
20 Desemba

Baba, shikamoo.

Naandika upesi kabla gari la barua halijaondoka, kwa sababu jana simu ilikatika vibaya na sijui ulipata nini na hukupata nini.

Jumamosi zote hizi mwanangu ananipumulia tu. Unaniandikia anahutubia duka zima, na mimi napata pumzi. Mpishi ananiambia watoto wote ndivyo walivyo na simu, wanatafuta uso hawauoni. Najua. Bado inauma. Nilikuwa nimeshaogopa kwamba mimi ndiye mtu mmoja ambaye hana maneno yake.

Jana nikakuamkia, ukagonga. Ko, ko, ko. Na kabla sijasema lolote, sauti ndogo ikaja karibu kabisa, kama vile imepanda juu ya sikio langu. "Babu yupo."

Hakuulizwa na mtu, Baba. Alikuwa ananiambia mimi. Amesikia mama yake anakuamkia, amesikia ulivyojibu, akaona mimi huku mbali huenda sijaelewa, akanieleza. Wewe ulikuwa unatafuta atakayempa mtoto sauti. Amekwenda akaupa mkono wako sauti.

Nikataka kumjibu kwa lugha yenu. Sikuwa na kastabani. Nilikuwa na nyundo yangu ya kuondolea magamba yanayobaki juu ya mshono, imening'inia kiunoni. Nikageuza mpini wake, nikagonga kwenye mkonga wa simu mara tatu. Halafu ikakatika. Nimepiga tena na tena mpaka karani akafunga ofisi.

Sijui kama alisikia. Niandikie.

Cheche


Nyumbani
27 Desemba

Mwanangu,

Alisikia.

Alikuwa amekaa juu ya kaunta, mkonga ameushika kwa mikono miwili. Mimi sikusikia kitu, nilimwona yeye tu. Alikunja uso kama anapotazama nikitia uzi kwenye sindano. Akausogeza mkonga mbali, akauangalia ndani, akaurudisha sikioni. Kisha akanigeukia mimi. Unakumbuka nilikuambia kwangu hasemi, anagonga tu. Safari hii mikono ilikuwa imejaa, roli ilikuwa imebaki nyumbani. Akanitazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akafungua mdomo kunieleza jambo.

Akasema, "Mama yupo."

Mwenye duka la dawa akaenda nyuma ya makabati kutafuta dawa fulani na hakurudi mpaka tulipoondoka. Njiani Kifungo alimwambia kila tuliyekutana naye. Alimwambia dereva wa taka. Alimwambia mwalimu, aliyekuwa amevaa koti nililomwongezea. Alimwambia fundi wa ng'ambo, na fundi akavuka barabara kunishika mkono.

Kibao cha mlangoni nimekishusha leo. Wateja wamelalamika, kwa hiyo kesho nakirudisha.

Zimebaki wiki chache. Njoo na nyundo yako.

Nipo,
Baba yako